Siku saba na boksi la chanjo, bonde la Yaeda

Daftari la safari hii lilirudi Morogoro likiwa limelowa. Nimelianika jikoni ukurasa kwa ukurasa, nikalisoma huku nimefungua picha za simu ili nikumbuke kipi kilitangulia kipi. Ndiyo maana simulizi imechelewa.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto, mwaka wa kumi na moja sasa. Likizo yangu niliitumia kumfuata rafiki niliyesoma naye chuo, ambaye kazi yake iko upande wa Mbulu, mkoani Manyara. Kila mwezi hushuka bonde la Yaeda na huduma za mkoba, yaani kliniki inayowafuata watu waliko: chanjo, uzito wa watoto, wajawazito, malaria, vidonda. Anaowahudumia ni Wairaqw, Wadatoga na Wahadzabe. Nilitaka hasa kuona Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda, asali na mizizi, wanafikiwaje. Wako kati ya 1,000 na 1,300 hivi nchi nzima, na kila nikikuta habari zao naona upinde na mishale. Kadi ya kliniki sijawahi kuiona kwenye picha hizo.

Majina ya watu sitayaandika, na zahanati sitaitaja. Mgonjwa ni mgonjwa hata akiwa mbali.

Jumapili, 18 Mei. Morogoro hadi Babati

Basi la saa kumi na mbili asubuhi, nauli 38,000. Lami mwanzo hadi mwisho, Dodoma dakika ishirini za kula, Kondoa nikapitiwa na usingizi, saa kumi na moja jioni Babati. Chumba 20,000 na maji ya moto kwenye ndoo. Ugali na samaki wa ziwani 6,000.

Kwa atakayefuata njia hii: toa pesa taslimu Babati au Mbulu mjini. Bondeni wakala wa simu ni wa kutafuta, na ukimpata huenda hana floti.

Jumatatu, 19 Mei. Kona za Magara

Kosta ya Mbulu huondoka ikijaa, na haikujaa mpaka saa nne. Nauli 8,000. Pale Mbuyu wa Mjerumani tuliiacha lami ya Arusha tukakata kushoto kuelekea Magara. Baada ya migomba na daraja, ukuta wa Bonde la Ufa unasimama mbele yako na gari linaanza kupanda kona kwa kona. Sehemu kali zimemwagwa zege. Ukigeuka nyuma unaliona Ziwa Manyara limetandazwa chini kama shuka lililoanikwa.

Jirani yangu alikuwa mzee wa Kiiraqw aliyetoka kumwona binti yake. Aliponiona na blauzi ya mikono mifupi alifungua mfuko, akatoa shuka. "Jifunike mwanangu, huko juu kuna baridi." Tulipofika stendi nilimrudishia, akakataa. Akanionyesha duka la mwanawe palepale stendi, nimwachie siku ya kurudi. Kweli Mbulu kuna baridi. Chukua sweta, usidanganywe na joto la Babati.

Rafiki yangu kila mtu anamwita Sista, nami nilimwita hivyo safari nzima. Jioni tulikwenda kukagua vitu vya kesho. Wasio wa kada yetu hudhani kazi ya chanjo ni sindano. Kazi kubwa ni baridi. Chanjo inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Ya surua na rubela ikipata joto inakufa. Ile ya sindano moja kwa magonjwa matano ikiganda inaharibika vilevile. Kwa hiyo pakiti za barafu huwezi kuzitoa kwenye friza ukazipanga moja kwa moja kwenye boksi. Unaziacha nje, unasubiri, unachukua moja unaitikisa karibu na sikio. Ukisikia maji yanacheza ndani kidogo, tayari. Sista huitikisa kila moja, na huku akitikisa haongei na mtu.

Jumanne, 20 Mei. Mafuta na matope

Tulipaswa kuondoka saa moja. Mafuta hayakutoka. Karatasi yake ilikuwa mezani kwa mtu aliyekuwa safarini, na hakuna mwingine wa kusaini. Tukakaa. Saa tatu, saa nne, saa tano. Barafu tuliyoitikisa alfajiri tukairudisha kwenye friza tukatoa nyingine. Saa sita Sista alitoa 50,000 mfukoni mwake, mimi nikatoa 50,000, dereva akakopa lita kumi kwa ndugu yake. Tukaondoka.

Nilikasirika na bado nina hasira. Mama aliyetembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni, akafika pale alipoambiwa na asitukute, mwezi ujao hatembei tena. Anakuwa amejifunza kitu kuhusu sisi, na kumfundisha kingine itachukua miaka. Mafuta ya mkoba yanapaswa kuwa ya kwanza kutoka, kabla ya chai ya kikao chochote.

Njia ya kuteremka kutoka Mbulu ina mawe na makorongo. Kwenye mteremko mkali dereva alizima redio, nasi tukanyamaza. Chini hali ya hewa inabadilika kabisa: joto, migunga, mibuyu, udongo mweusi ambao masika humeza gari. Mvua zilikuwa zinaishia lakini mbuga ilikuwa bado na maji. Tulizama saa kumi jioni, tairi la nyuma lote ndani.

Walitokea vijana watatu wa Kidatoga waliokuwa wanarudisha ng'ombe. Hawakuuliza. Waliweka fimbo chini, wakakata matawi, wakayalaza mbele ya tairi, wakasukuma mpaka shuka zao zikawa rangi ya udongo. Mama mmoja alitoka bomani na kibuyu cha maziwa yenye harufu ya moshi, maana vibuyu vyao husafishwa kwa kijinga cha moto. Pesa alikataa. Aliuliza kama tuna dawa ya macho. Tulikuwa nayo, tukamsafisha jicho na kumwekea hapohapo kando ya gari.

Tulilala Yaeda Chini kwa mwalimu mmoja aliyetupisha chumba cha wanawe. Makande na maziwa ya mgando. Zahanati ya jirani ina jokofu la sola. Chanjo zetu zikalala humo, na pakiti za barafu zikagandishwa upya. Bila jokofu lile safari ingeishia hapo.

Nguo: acha za bluu na nyeusi nyumbani. Mbung'o wanazipenda rangi hizo, nao huuma juu ya nguo.

Jumatano, 21 Mei. Chini ya mgunga

Kituo cha mkoba ni mgunga mmoja mkubwa kando ya njia, Jumatano ya tatu ya kila mwezi. Mizani tuliining'iniza kwenye tawi, ile yenye kaptura ambayo mtoto huvalishwa akabaki anabembea na kulia. Kufikia saa nne walikuwapo akina mama ishirini na kitu, Wadatoga na bangili zao mpaka kwenye kiwiko, Wairaqw na vitenge. Mhadzabe hakuwepo hata mmoja.

Tulichanja na kupima watoto 27. Utepe wa kupimia unene wa mkono ulisoma njano kwa wawili na nyekundu kwa mmoja: sentimita 11.2, mtoto wa miezi kumi na minne, mama yake ana mimba ya miezi mitano. Chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali. Tulimpa chakula dawa cha wiki mbili, tukamwandikia rufaa, na bibi yake akakubali kwenda naye. Wajawazito sita tuliwapima damu na mkojo na kuwapa vidonge vya kuzuia malaria. Yaliyobaki ya siku ile yalikuwa kama kliniki yoyote unayoijua.

Saa saba Sista alifungua kurasa za Wahadzabe kwenye daftari la watoto. Majina kumi na moja. Mbele ya kila jina, kwa kalamu nyekundu, neno moja: *Hakuja*. Machi hakuja. Aprili hakuja. Sasa Mei.

Wakati ule ndipo alipofika kijana wa Kihadzabe ambaye hupeleka taarifa za kliniki makambini. Jasho linamtiririka. Alisema "Mtana", salamu ya kwao, kisha akaendelea kwa Kiswahili.

"Shikamoo Sista. Wamehama tangu wiki jana. Wako kule kwenye miamba, wamepata asali."

"Marahaba. Si ulijua leo ni Jumatano? Mngengoja siku mbili tu."

Alitafakari kabla ya kujibu, kwa adabu kabisa. "Sista, asali haijui Jumatano."

Tuliuliza ni mbali kiasi gani. Saa tatu kwa miguu, gari halifiki. Sista alitazama boksi, akatazama jua, akaniuliza viatu vyangu vikoje.

Usiku niliandika maneno ambayo nayarudia hapa kama yalivyo: "Kwenye ule ukurasa wa Wahadzabe, anayestahili kuandikiwa *Hakuja* ni sisi." Watu walikuwa mwendo wa saa tatu kutoka kwenye mgunga. Tuna gari, tuna jokofu la sola, tuna kijana anayejua walipo. Tulichokuwa nacho pungufu ni kalenda inayofanana na maisha yao.

Alhamisi, 22 Mei. Kambini

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, watu wanne: Sista, mimi, kijana na mgambo wa kijiji. Boksi la baridi tulibeba kwa zamu ya nusu saa. Mimi nilibeba pia boksi la kutupia sindano, kwa sababu kilichoingia porini sharti kirudi, hata kifuniko kidogo cha sindano. Chukua maji lita tatu kwa kila mtu, na usikubali kubeba mbili.

Njiani kijana alisimama ghafla akapiga mluzi. Ndege mdogo wa kijivu alikuwa akilia na kurukaruka tawi kwa tawi mbele yetu: mlembe, yule anayewaongoza watu kwenye mzinga. Kijana alimsindikiza kwa macho kwa hamu, kisha akasema kwa sauti ya pole, "Leo nina barafu," tukaendelea. Alinionyesha pia mbuyu wenye vigingi vya mti vilivyopigiliwa shinani mpaka juu, ngazi ya warina asali. Nilipiga picha ya vigingi bila kujua kesho yake vitanihusu.

Saa mbili na robo tulifika. Vibanda saba vya matawi na majani chini ya mwamba mkubwa, moto mdogo, harufu ya mizizi inayochomwa. Wazee wawili, wanawake tisa, watoto kumi na wanne. Wanaume wengi walikuwa wametawanyika. Hakuna aliyekimbia wala aliyetupangia mstari. Walitutazama tukikaa, wakatupa maji, wakatupa mizizi. Unatafuna, unafyonza utamu, unatema nyuzi.

Sista aliuliza kuhusu kadi. Nilijiandaa kusikia zimepotea. Bibi mmoja aliinuka, akaenda kwenye mti nyuma ya kibanda chake, akashusha kopo la maziwa ya unga lililofungwa kamba ya gome. Ndani, zimeviringwa kwenye kipande cha nailoni, kulikuwa na kadi tisa za kliniki. Za watoto wote wa chini ya miaka mitano wa kambi ile. Pembe zimeliwa kidogo na moshi, lakini kila mhuri unasomeka. Kambi ikihama, kopo linahama na bibi. Nimefanya kazi mjini miaka kumi na moja, na kila wiki napokea mama mwenye kabati nyumbani asiye na kadi. Nilizishika kadi zile mikononi nikashindwa kusema kitu kwa muda.

Kwa kadi zile kazi ilikuwa rahisi. Watoto wanne walidaiwa dozi za kati, wawili matone ya vitamini A, na mmoja tu, msichana wa miezi kumi, alifikia sindano ya kwanza ya surua na rubela. Chupa yake ni ya dozi kumi. Ukishachanganya na maji yake una saa sita, baada ya hapo inatupwa. Nilimtazama Sista. Mjini ungemwambia mama arudi siku ya watoto wengi.

Sista aliinua chupa karibu na macho, akanionyesha alama ya lebo: duara, na ndani yake mraba mdogo. Mraba ulikuwa mweupe kuliko duara, maana yake chanjo haijachoka na joto. Akavunja kifuniko. "Surua haingoji watimie kumi," alisema. Na ndivyo mwongozo unavyotaka, fungua hata kwa mtoto mmoja. Ila kuusoma mwongozo ofisini ni kitu kimoja, na kufungua chupa ukijua mwezi ujao utaulizwa upotevu wa dozi tisa ni kingine.

Kijana alipoona chupa imefunguliwa aliondoka bila kuaga. Tulidhani ameenda haja. Baada ya saa moja na nusu alirudi na akina mama wawili kutoka kambi nyingine ndogo ng'ambo ya korongo, kila mmoja na mtoto: mmoja wa mwaka na miezi saba aliyekuwa anadai dozi ya pili, mwingine wa miezi kumi na miwili ambaye hakuwahi kupata hata ya kwanza. Dozi tatu kati ya kumi. Sikuwahi kufurahia hesabu ya tatu kama siku ile.

Kijana huyu hana mshahara. Tangu Januari 2024 nchi ina mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa kupata 137,294 kwa miaka mitano, na kila mmoja anayehusika na afya vijijini ameupokea kwa matumaini, nami pia. Yeye aliishia darasa la saba. Tangazo alilosomewa lilitaka kidato cha nne. Wahadzabe waliofika kidato cha nne ni wachache mno, na wengi wao hawaishi tena makambini. Kama wapangaji wanasoma hapa, naomba jambo moja: jamii ndogo kama hizi ziwe na mlango wao. Mfundisheni kupima malaria, kupima mkono wa mtoto, kusoma kadi. Kuifuata kambi ilipo tayari anajua, na hilo hakuna chuo kinachofundisha.

Mchana nilipima presha za wazee. Bibi mwenye kopo, ambaye asubuhi ile alikuwa ameshachimba mizizi ya kambi nzima, alikuwa na 112 kwa 70. Nilirudia kupima. Ileile. Wazee wao wanatembea, hawanenepi, na presha ya kupanda kwao ni nadra. Mzigo wao uko upande wa watoto. Watafiti waliokaa nao miaka mingi walihesabu kwamba kama mtoto mmoja kati ya watano hakufikisha mwaka. Kuhara, kifua, malaria, surua: mengi ya hayo yana kinga au dawa, na dawa hizo siku ile zilikuwa ndani ya mkoba wangu.

Mzee mmoja alinieleza kwa nini baadhi ya wenzake hawapendi kukusanywa. Katikati ya miaka ya 1960 Serikali iliwakusanya Yaeda Chini ili wakae mahali pamoja, walime, wapate shule na tiba. Wengi waliugua kwa kubanana kule, wengine wakafa, waliobaki wakarudi porini. Alisimuliwa na mama yake. "Kwa hiyo mkisema njooni mkae hapa mtibiwe," aliniambia, "mtu mzima anasikia neno lingine."

Halafu akachukua kijiti akachora chini. Mvua zikianza, matunda, upande huu. Mvua zikiishia, asali, hapa miambani. Kiangazi, ubuyu, kule chini. Maji yakikauka kabisa, wanyama wanasogea vidimbwini, kambi nazo zinasogea. Kila mahali alipatia jina, na kila jina kijana alilitamka tena taratibu, kwa mibofyo yake ya ulimi, mpaka Sista akaweza kuliandika walau kwa namna atakayolikumbuka. Watu hawa tumezoea kuwaita wahamaji kama vile hawana mpango. Mpango wao ulikuwa palepale vumbini, una misimu minne na majina ya mahali. Nilipiga picha mchoro ule kabla mtoto hajapita juu yake.

Kuhusu picha: mchoro, kopo na vigingi nilivipiga baada ya kuomba. Nyuso za wagonjwa sikupiga, na watoto sikupiga. Ukienda, pita kwanza ofisi ya kijiji na uwe na barua. Usipeleke pombe, usipeleke pipi. Sabuni ya mche inapokelewa kwa furaha.

Ijumaa, 23 Mei. Mtu wa mbuyuni

Tulilala kambini kwa sababu giza lilitukuta. Alfajiri mvulana alikuja mbio: mjomba wake ameanguka kutoka mbuyuni, mwendo wa nusu saa kutoka hapo. Kigingi kilikatika.

Tulimkuta amelala chali, macho wazi, hatoi sauti. Paja la kulia lilikuwa limevimba na mguu umegeukia nje. Nilitafuta mapigo juu ya wayo: yapo. Vidole vina joto. Tumbo laini, shingo haiumi. Sista alimchoma sindano ya maumivu na kufungua dripu. Tulihitaji kitu kirefu cha kufungia mguu. Mzee mmoja alienda akarudi na fito ya upinde aliyokuwa bado anaichonga, imenyooka, imelainishwa upande mmoja. Aliipima kwa macho kando ya mguu wa mwenzake, akaikata kwa kisu pale ilipozidi. Siku ngapi za kazi zile. Tuliifungia na vipande vya kanga yangu, kuanzia kwapani hadi kifundoni.

Machela ilikuwa miti miwili na blanketi. Wanaume wanane kwa zamu, saa tatu na nusu hadi kwenye gari. Njia nzima mmoja wao aliimba kwa sauti ya chini sana karibu na sikio la mgonjwa.

Kutoka bondeni tulipanda kwenda Haydom, mahali ambapo hospitali ya Kilutheri imekuwepo tangu 1955. Dereva aliendesha kama amebeba mayai. Tuliingia saa mbili usiku. Mgonjwa alipokelewa, picha ikapigwa, mfupa wa paja umevunjika mara moja, safi. Atawekewa uzito wa kuvuta mguu, wiki kadhaa kitandani. Kwa mtu ambaye hajawahi kulala chini ya dari siku mbili mfululizo, wiki kadhaa ni neno zito, na aliponisikia nikimweleza alinishika mkono hakuuachia.

Malipo nilikuwa nayaogopa. Bima ya CHF iliyoboreshwa, ile ya mfuko wa afya ya jamii, wakati ule ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, ila mtu anayeishi kwa asali na mizizi shilingi taslimu anaipata wapi? Hapa nilijifunza kitu. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipewa hati ya kimila ya ardhi yao, zaidi ya hekta 20,000, na msitu ule sasa unaingiza pesa za hewa ukaa, yaani malipo ya kuutunza usikatwe. Sehemu huenda kwa askari wa msitu wa kijiji, sehemu karo, sehemu matibabu. Kiongozi wa kijiji alithibitisha kwa simu usiku uleule kwamba watagharamia. Ardhi yao ndiyo iliyomlaza mtu wao kitandani.

Mlinzi wa zamu, alipoona shemeji wa mgonjwa hana pa kulala, alimpa koti lake na benchi lake. Akakaa amesimama mpaka asubuhi.

Jumamosi, 24 Mei. Kurudi

Haydom hadi Mbulu 9,000, vumbi, vipande vya barabara vikiwa kwenye ujenzi. Stendi nililiacha shuka dukani kwa mwana wa yule mzee, limefuliwa. Gharama yangu yote kwa siku saba, pamoja na mafuta na nauli ya kurudi, ilifika 245,000.

Kabla sijapanda gari Sista alinionyesha daftari la watoto. Kwenye kurasa za Wahadzabe alikuwa amepiga mstari juu ya "Jumatano ya tatu" na kuandika pembeni majina manne ya mahali, moja kwa kila msimu, kwa tahajia yake mwenyewe. Ile safu ya *Hakuja* aliiacha tupu.

Juzi saa mbili usiku simu yangu iliita mlio wa ujumbe. Kijana alikuwa amepanda kilimani kutafuta mtandao:

"Shikamoo dada. Mjomba ameanza kutembea na fimbo. Sisi tumeshuka, ubuyu umeiva. Watoto ni 9 na mmoja amezaliwa. Sista anasema barafu ipo, mafuta bado."